Nyonga ya Bandia na Kuteguka Kwake

Maneno yetu ya leo ni juu ya nyonga ya bandia: jinsi ilivyo, kwa nini mara nyingine huteguka, na jinsi madaktari wanavyoirudisha mahali pake. Huenda mtu akauliza, jambo hili latuhusu nini sisi? Latuhusu sana, maana kazi ya kutia nyonga ya bandia haifanywi tena Ulaya na Marekani tu. Hufanywa Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, hufanywa katika hospitali ya Kikuyu karibu na Nairobi, na mahali pengine pia. Mzee aliyekuwa akijikokota kwa fimbo hurudi nyumbani akitembea wima, na jamaa zake wakamshangilia. Lakini ni wachache katika jamaa hao wajuao la kufanya siku ile mguu utakapokataa ghafula, na mzee yuko sakafuni analia kwa maumivu. Mimi ni mwalimu wala si daktari, kwa hiyo nitasema kama mwalimu: nitaanza na kitu chenyewe kilivyo, ndipo niingie katika matata yake.

Nyonga ni kiungo kinachounga paja na kiwiliwili. Mtazameni mama anayetwanga, jinsi mchi unavyolalia huku na huku ndani ya kinu bila kutoka. Nyonga nayo ndivyo ilivyo, ila mchi wake una kichwa cha mviringo kama mpira mdogo, na kinu chake ni kikombe kilichochimbwa katika fupa la nyonga. Kichwa hicho ni ncha ya juu ya fupa la paja, nalo ndilo refu kuliko mifupa yote ya mwili. Kati ya kichwa na shina la fupa pana shingo iliyokwenda mshazari. Kichwa na kikombe vimevikwa gegedu, kitu cheupe chenye utelezi, na kiungo chote kimefungwa ndani ya kifuko cha kano ngumu. Juu ya kifuko imepita misuli ya matako na ya paja, nayo hukivuta kichwa kikae ndani ya kikombe mchana na usiku. Nawaomba mlishike neno hili la kifuko na misuli, maana tutalirudia.

Gegedu likilika, mfupa husagana na mfupa, na kila hatua huwa adhabu. Kwa wazungu wazee hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutiwa nyonga ya bandia. Kwetu zipo sababu nyingine ambazo hazingoji uzee. Watu wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, huweza kufa kichwa cha fupa wakiwa bado vijana, kwa kuwa damu haikifikii kichwa hicho, nacho hupondeka kama mkate mkavu. Wengine huvunjika shingo ya fupa kwa kuanguka, wengine kwa ajali za barabarani.

Wazo la kuweka kiungo kipya si la jana. Mjerumani Themistocles Gluck alijaribu mwaka 1891 kutumia pembe za ndovu. Mwaka 1938 Philip Wiles wa London alitia nyonga za chuma kisichoshika kutu. Hazikudumu. Aliyefanikiwa kweli ni Mwingereza John Charnley, aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington, karibu na mji wa Wigan. Yeye alitaka kichwa cha chuma kiteleze ndani ya kikombe cha kitu kingine kilicho laini, akachagua kwanza Teflon, kwa kuwa ina utelezi mwingi. Wagonjwa walifurahi kwa muda, kisha Teflon ikalika, na unga wake ukaharibu nyama na mifupa iliyouzunguka. Charnley alijitia vipande vya kitu hicho katika paja lake mwenyewe ili aone mwili unavyokipokea, naye akaona ubaya wake. Mwaka 1962 kililetwa kipande cha plastiki nyingine, aina ya polithilini ngumu sana. Charnley alikibonyeza kwa ukucha, akaona hakifai. Lakini fundi wake, Harry Craven, alikiweka katika mashini ya kusugulia hata hivyo, na siku zilipopita kikaonekana hakikulika ila kidogo mno. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Charnley akaanza kukitumia kwa wagonjwa. Nyonga nyingi zinazotiwa leo ni watoto na wajukuu wa ile ya mwaka 1962. Huyu Charnley aliwaomba hata wagonjwa wake wakubali kwamba watakapokufa nyonga zao zitolewe zikachunguzwe, apate kujua zililika kiasi gani. Mimi huona ustahimilivu wa namna hii ni bora kuliko akili nyingi.

Nyonga ya bandia basi ina sehemu tatu au nne. Iko shina ya chuma inayopigwa ndani ya uboho wa fupa la paja, ikashikwa kwa namna ya saruji, au ikaachwa mpaka mfupa wenyewe uishike. Juu ya shina iko shingo, na juu ya shingo kichwa cha mviringo, cha chuma au cha kauri. Upande wa pili kipo kikombe, ambacho ndani yake mna plastiki. Kichwa hukaa kikombeni bila gundi wala msumari. Yaani, kinachokizuia kisitoke ni umbo la kikombe, pamoja na kifuko na misuli, vile vitu viwili nilivyowaomba mvishike. Lakini daktari hawezi kuingia nyongani bila kukipasua kifuko, na mara nyingi hapana budi akate baadhi ya misuli, kisha aishone. Kwa hiyo katika majuma ya kwanza walinzi wa kiungo ni wagonjwa wenyewe, na zaidi ya nusu ya nyonga zinazoteguka huteguka ndani ya miezi mitatu ya mwanzo.

Jambo hili hutokea mara ngapi? Katika watu 100 waliotiwa nyonga ya bandia kwa mara ya kwanza, nyonga huteguka kwa mmoja, au wawili, au watatu. Kwa wale waliopasuliwa mara ya pili ili nyonga ya zamani ibadilishwe, hesabu yapanda, hata ikafika 10 katika 100 au kupita. Si jambo la kila siku, lakini si la ajabu pia, na kwa yule linayempata hesabu hizo hazimpunguzii maumivu.

Sasa tutazame kinachotokea. Chukueni mwiko mrefu, mwingize katika sufuria, mlaze mpini wake mpaka uguse ukingo wa sufuria, kisha mzidi kuukandamiza. Mtaona kichwa cha mwiko kinainuka upande wa pili. Ukingo umekuwa egemeo, na mpini umekuwa mtaimbo. Ndivyo inavyokuwa nyongani. Mtu akikaa juu ya kigoda kifupi, goti lake likapanda kuelekea kifuani, tena akauelekeza mguu ndani, shingo ya chuma hugonga ukingo wa mbele wa kikombe, na kichwa kikanyanyuliwa kitoke kwa nyuma. Nyonga nyingi huteguka hivyo, kwa nyuma. Chache hutoka kwa mbele, mtu anapounyosha mguu nyuma yake huku vidole vya mguu vimeelekea nje, mathalani anapogeuka kwa ghafula mguu wake ukiwa umebaki nyuma.

Ukubwa wa kichwa nao una maana. Kichwa cha Charnley kilikuwa na upana wa milimita 22 na kidogo. Kichwa kilichozama nusu yake katika kikombe hakina budi kuinuka kadiri ya nusu ya upana wake kabla ya kuuruka ukingo: kwa kichwa cha milimita 22 ni milimita 11 tu, kwa cha milimita 32 ni 16, na kwa cha 36 ni 18. Tena kichwa kikubwa huacha nafasi zaidi kabla ya shingo kugonga ukingo. Mtasema, basi kwa nini Charnley hakuchukua kikubwa? Kwa sababu alikuwa akikimbia adui mwingine, yaani kulika. Kichwa kikubwa kilisugua plastiki nyingi zaidi, na unga wa plastiki hula mfupa mpaka nyonga ikalegea. Yeye alitafuta uimara kwa njia nyingine: alikuwa akikata kipande cha fupa la paja ambacho misuli ya matako imeshikamana nacho, halafu akakifunga upya kwa waya, misuli ikakaza. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 imepatikana polithilini iliyoimarishwa ambayo hailiki upesi, na hivyo vichwa vya milimita 32 na 36 vimekuwa vya kawaida.

Liko pia jambo la mwelekeo wa kikombe. Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake walipima nyonga 300, wakaandika kwamba kikombe kinafaa kiinamishwe nyuzi 40 na kielekezwe mbele nyuzi 15, kikizidi au kupungua kwa nyuzi 10 si neno. Vikombe vilivyokaa ndani ya mpaka huo viliteguka 1.5 katika 100, vilivyokaa nje yake 6.1. Kwa muda mrefu madaktari waliushika mpaka huo kama sheria. Lakini mwaka 2016 ilitolewa hesabu nyingine, ya nyonga 206 zilizoteguka, na ikaonekana kwamba vikombe 58 katika kila 100 vilikuwa ndani ya mpaka ule ule! Basi si kikombe peke yake. Ni mwelekeo wa shina, ni nguvu ya misuli, ni uti wa mgongo pia. Mtu mzima akikaa kitini, fupa la nyonga hujipindua nyuma kidogo, na kikombe kikafunguka mbele kulipisha paja. Mwenye mgongo uliokakamaa, au uliofungwa kwa vyuma, fupa lake halijipindui, na shingo hugonga mapema. Ongezeni hapo mlevi, ongezeni mzee aliyepungukiwa na akili akasahau aliyoambiwa, na mwenye ugonjwa wa kutetemeka ambaye misuli yake haimtii. Hao wote wamo katika hatari zaidi kuliko wenzao.

Nimefika penye neno kubwa la leo. Nyonga ikiteguka, nyumbani hujulikanaje? Si lazima mtu awe ameanguka. Pengine aliinama kuokota ufunguo, au alijigeuza kitandani, au aliinuka juu ya kigoda. Husikia kitu kimegutuka, mara nyingine kwa mlio, na maumivu makali yakamshika. Hawezi kusimama juu ya mguu ule. Ukimlaza, mguu waonekana mfupi kuliko mwenzake, na goti na vidole vimeelekea ndani, kama mguu unataka kumpanda mwenziwe. Ikiwa nyonga imetoka kwa mbele, mguu huelekea nje.

Hapo, ndugu zangu, msiuvute mguu. Nasema tena, msiuvute, wala msimwite mtu aje auvute. Nawaheshimu wazee wetu wajuao kuunga mkono uliovunjika kwa vipande vya mianzi, na wengine nimeona kazi yao ni safi. Lakini nyonga hii mgonjwa hakuzaliwa nayo. Ndani ya paja lake mna chuma kirefu, na fupa lililokizunguka aghalabu ni jembamba na kavu. Misuli kwa maumivu imekaza kama kamba ya ng'alawa penye upepo mkali. Mwenye kuvuta na kupinda kwa nguvu huweza kulipasua fupa, na jambo lililokuwa la nusu saa hospitalini likawa la miezi. Wala msimkande kwa maji ya moto, wala msimpe chai ya kumpoza moyo, kwa maana huenda akahitaji dawa ya usingizi, na tumbo lililojaa ni hatari kwa mtu aliyelazwa kwa dawa hiyo. Mlazeni kwa namna anayoiona nafuu, mtieni mito au nguo zilizokunjwa chini ya goti na pembeni, mmchukue kwa machela, na kama hakuna machela hata ubao wa mlango wafaa. Mwambieni achezeshe vidole na kuinua kanyagio la mguu, mkaangalie kama lina joto na kama anahisi mkiligusa. Mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya nyonga ni mnene kama kidole, nao huweza kunyoshwa au kubanwa na kichwa kilichotoka. Kanyagio likiwa limelegea, likafa ganzi au likawa baridi, mwambieni daktari mara mfikapo. Tena chukueni karatasi zote alizopewa alipopasuliwa, hasa ile iliyoandikwa aina ya nyonga na ukubwa wa kichwa. Nyumba nyingi huzihifadhi hati za shamba kwa kufuli, na karatasi hii wakaifungia maandazi.

Hospitalini hupigwa picha ya eksirei kwanza, kwa pande mbili, ili daktari ajue kichwa kimeelekea wapi, na kama fupa limevunjika au kikombe kimeng'oka. Kwa nyonga ya kuzaliwa iliyoteguka madaktari hukimbizana na saa, kwa kuwa kichwa cha fupa hukosa damu, nao hutaka kimerudi kabla ya saa sita kupita. Kichwa cha chuma hakina damu ya kukosa. Hata hivyo haifai kukawia, maana misuli huzidi kukaza, na mshipa wa fahamu huzidi kuteseka.

Kurudisha kwenyewe ni kazi ya ustadi zaidi kuliko nguvu. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, na ya kulegeza misuli ikihitajiwa. Njia inayotumiwa sana ni ile iitwayo ya Allis, daktari wa Marekani wa karne ya 19. Mgonjwa hulala chali. Msaidizi hulikandamiza fupa la nyonga kwa mikono miwili lisiinuke. Daktari husimama juu yake, hulikunja goti na paja mpaka vifanye pembe kama guni ya seremala, kisha huliinua paja kwenda juu kwa nguvu ya polepole isiyokatika, huku akiugeuza mguu ndani na nje kidogo kidogo. Misuli ikichoka kushindana naye, kichwa hupanda ukingo, na ghafula huingia kikombeni kwa mlio unaosikika chumbani kote. Njia ya Stimson hutumia uzito wa mguu wenyewe: mgonjwa hulazwa kifudifudi, paja likaning'inia ukingoni mwa kitanda, na daktari akakandamiza nyuma ya goti. Iko na njia iliyoandikwa mwaka 2011 na madaktari wa California, ambamo daktari hupandisha mguu wake juu ya kitanda, akaliweka goti lake chini ya goti la mgonjwa, na kuinua kwa kisigino badala ya mgongo. Waliipa jina la Captain Morgan, nahodha aliyechorwa katika chupa ya pombe, akiwa ameweka mguu juu ya pipa. Jina silo ambalo ningelichagua mimi, lakini migongo ya madaktari imepumzika.

Nyonga ikiisha kurudi, daktari huijaribu ajue inatoka katika mwelekeo gani, hulinganisha urefu wa miguu, huutazama tena mshipa wa fahamu, na kupiga picha ya pili. Isiporudi kwa kuvutwa, haivutwi na kuvutwa; mgonjwa hupelekwa chumba cha kupasulia, ikarudishwa kwa kufunguliwa. Pengine kipande cha nyama au cha plastiki kimeingia katikati.

Ikirudi vema, mgonjwa husimama siku hiyo hiyo au ya pili yake, kwa magongo. Zamani wengi walifungwa mikanda migumu ya kuzuia paja kwa majuma sita. Wako madaktari wanaoitumia hata leo, lakini uchunguzi uliofanywa haukuonyesha faida iliyo wazi, na taabu yake ni kubwa katika nchi yenye joto. Takriban theluthi mbili ya watu walioteguka mara ya kwanza na kurudishwa hivi hawateguki tena.

Makatazo wanayopewa wagonjwa yameandikwa kwa nyumba za Ulaya, kwa hiyo yafaa tuyageuze yaingie katika nyumba zetu. Kwa yule aliyepasuliwa kwa nyuma huambiwa: usikunje nyonga kupita pembe ya guni, usivuke mguu juu ya mwingine, usiugeuze mguu ndani. Kwetu maana yake ni kwamba choo cha kuchuchumaa hakimfai kwa majuma ya kwanza. Seremala aweza kutengeneza kiti kirefu chenye tundu kikawekwa juu ya shimo, kazi ya nusu siku. Kigoda cha jikoni hakimfai, wala kukaa jamvini kula na wenzake. Muislamu ataswali akiwa juu ya kiti, na dini yake imemruhusu mgonjwa jambo hilo. Kitanda cha kamba kilicholegea katikati kiinuliwe kwa matofali na kukazwa. Akilala ubavu, mto uwe kati ya magoti. Akivaa suruali, mguu uliopasuliwa uingie kwanza, na mtu mwingine amshikie. Akiingia motokaa, aketi kwanza kwa makalio yake, ndipo aigeuze miguu yote miwili pamoja. Akitaka kugeuka, apige hatua ndogo ndogo, asijizungushe juu ya mguu mmoja.

Aliyepasuliwa kwa mbele makatazo yake si hayo. Yeye huonywa juu ya kuunyosha mguu nyuma na kuelekeza vidole nje. Kwa hiyo mwulizeni daktari alipita njia ipi. Siku hizi hospitali nyingine zimelegeza makatazo, kwa kuwa vichwa vimekuwa vikubwa na kifuko hushonwa vema zaidi, na wagonjwa wao hawakuteguka zaidi ya wengine. Habari hiyo ni njema, lakini mwenye kulegeza awe daktari aliyeiona nyonga ile kwa macho yake, si jirani aliyesikia habari njiani. Mazoezi ya kuinua paja kwa upande yafanywe kila siku kama yalivyoamriwa, maana misuli ya matako ndiyo kamba ya merikebu hii.

Mtu akiteguka mara ya pili na ya tatu, kurudisha peke yake hakutoshi tena. Hapo daktari hutafuta sababu. Ikiwa nyonga ilikaa miaka 10 au 15 kwa amani kisha ikaanza kutoka, huenda plastiki imelika, au misuli imedhoofu kwa uzee, au, jambo baya zaidi, pana usaha umejificha kiungoni. Hilo hupimwa kwa damu na kwa maji yanayovutwa kwa sindano. Sababu ikijulikana, dawa yake hufuata. Kikombe kilichokaa vibaya hutolewa kikapangwa upya. Kichwa kidogo hubadilishwa kwa kikubwa. Misuli iliyong'oka hushonwa.

Wafaransa walileta hila moja nzuri. Katika miaka ya 1970, katika mji wa Saint-Étienne, Gilles Bousquet alifikiri nyonga yenye mizunguko miwili: kichwa kidogo cha chuma kimefungiwa ndani ya mpira mkubwa wa plastiki, na mpira huo nao huzunguka ndani ya kikombe. Hivyo hupata ulaini wa kichwa kidogo na uimara wa kichwa kikubwa pamoja. Huko Marekani iliruhusiwa mwaka 2009 tu, na sasa hutumiwa sana kwa watu walio katika hatari. Lakini hata hii huteguka mara chache, na ikivutwa bila uangalifu kichwa kidogo huweza kuchomoka ndani ya mpira wake, ukabaki peke yake nyamani. Ndiyo sababu nilisema karatasi ya hospitali isifungiwe maandazi. Viko pia vikombe vyenye pete inayokishika kichwa kwa nguvu kisitoke. Hivyo huwekwa kwa wenye misuli iliyokufa kabisa. Nguvu iliyokuwa ikikitoa kichwa haipotei, huhamia katika kikombe, ikakilegeza polepole katika mfupa.

Na wako wachache ambao hakuna lililowafaa, kwa usaha usiokwisha au mifupa iliyomalizika. Kwao hubaki kazi inayoitwa kwa jina la Girdlestone, daktari wa Oxford, ambaye aliitumia kwa viungo vilivyooza kabla ya nyonga za bandia kuwa za kawaida. Vyuma vyote hutolewa visirudishwe, na makovu magumu hujaa penye kiungo. Mguu hupungua urefu kwa sentimita kadhaa. Mtu huyo hutembea kwa gongo, na fundi viatu humwongezea soli upande mmoja. Ampime akiwa amesimama, baada ya miezi michache kupita, mguu ukiisha kukaa katika urefu wake.